Naomba ushauri: panya wamesahau au dawa imewavuruga tu?

Wakuu habari zenu, naombeni msaada. Napima kumbukumbu ya muda mfupi kwa panya, nawachoma skopolamini, ile dawa inayoziba vipokezi vya aina ya muskarini vya asetilikolini (kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za neva), halafu nawaachia kwenye njia zenye umbo la Y nione kama wanakumbuka njia waliyotoka kuingia. Wanakosea kweli, ila dawa hiyohiyo inawafanya wakimbiekimbie hovyo, sasa nitajuaje ni kumbukumbu? Kundi la kulinganishia la methilskopolamini, dawa ndugu ya skopolamini, nitaliweka, hilo la lazima maana yenyewe haipenyi vizuri kwenye ubongo. Lakini hiyo inanisaidia kutenga athari za nje ya ubongo tu, umakini je? Nihamie jaribio lenye kusubiri, yaani panya anasubiri kidogo kabla ya kuchagua njia, kama wanakosea hata bila kusubiri basi si kusahau? Mliofanya hizi naombeni mnielekeze.