Nimefomati kadi yenye picha za harusi, nisaidieni

PichaZaZiwa: Wadau, nina kadi ya kamera ya GB 32, ndani kulikuwa na harusi nzima ya Jumamosi. Nimeifomati nikidhani ni ile nyingine. Fundi mmoja hapa mjini Kisumu anasema atarudisha zote kwa 15,000. Hiyo bei ni sawa?

Nyar_Ahero: Pole. Zangu za mahafali zilipotea hivyo hivyo 2016, mama hajanisamehe. Kwani nyinyi hamwekangi nakala?

MzeeKijana: Waite waoane tena, pilau tutakula.

FundiBaridi: Kufomati si kifo. Kamera kwa kawaida hufuta orodha tu, picha zinabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Umepiga chochote tangu hapo?

PichaZaZiwa: Kidogo.

FundiBaridi: Kidogo ni GB ngapi?

PichaZaZiwa: Matanga ya Jumanne. Kama 11. Lakini fundi ana mashine ya kusoma kilicho chini, na nusu ya pesa nimeshamtumia. Mamake bibi harusi nimemwambia niliibiwa kamera Kondele. Ningemwambia nini?

FundiBaridi: Mashine hiyo haipo. Hata ile makala ya mtaalamu wa kompyuta Peter Gutmann ya 1996, iliyosema data iliyoandikiwa juu huweza kusomwa, hivyo ifutwe mara 35, ushauri huo ulihusu diski za sumaku za enzi hizo. GB 11 zimeenda. Ikishafomatiwa, kamera mara nyingi huanza kuandika mwanzoni mwa kadi, kwa hivyo kanisani ndiko kumeliwa; karamu huenda ipo. Chomoa kadi, usipige tena, endesha PhotoRec, programu ya kurudisha picha. Ni ya bure. Hifadhi kwenye diski nyingine, si kadi hiyo hiyo!

JichoLaNyalenda: Ngojeni kwanza. Matanga Jumanne, Kisumu hii? Huku tunazika Ijumaa na Jumamosi. Huyu anatutungia.

PichaZaZiwa: Marehemu alikuwa Mwislamu.

JichoLaNyalenda: Na akazikwa na mpiga picha wa GB 11?

MzeeKijana: Marehemu ni kadi.

PichaZaZiwa: Haya. Ilikuwa bethidei ya mtoto wa jirani, 2,000 tu, niliona haya kusema. PhotoRec imemaliza saa hii, imetoa 214. Ya keki imefunguka nusu: uso wa bibi harusi, kisu, vidole viwili vya bwana harusi. Chini yote kijivu.

Nyar_Ahero: Na ile nusu uliyomtumia fundi?

PichaZaZiwa: Hashiki simu.