Mwanangu wa operesheni: bakteria wazuri atawapata wapi?

MamaNuru_Moshi: Shikamooni wakubwa, wenzangu habari. Leo ni siku ya 11 tangu nijifungue kwa operesheni hapa Moshi. Njia ilifika sentimita 6 ikagoma, mapigo ya mtoto yakaanza kushuka, nikapelekwa kisuni usiku. Nililetewa mwanangu masaa matano baadaye, keshanyweshwa maziwa ya kopo kwa kikombe. Inaniuma mpaka leo.

Sasa nimesoma kuwa mtoto wa operesheni hukosa bakteria wa njia ya uzazi, na kwamba kuna wanaompaka mtoto majimaji hayo ya mama kwa gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda. Mama mkwe, aliyeshuka kutoka Marangu kunipikia mtori, anataka nimlambishe mtindi ili tumbo lishike. Rafiki anasema ninunue matone ya bakteria famasi. Nishike lipi?

BabaWawili: Hongera sana dada. Wetu wa kwanza naye alizaliwa kwa kisu hapa Arusha. Nilimlaza kifuani kwangu bila shati mke wangu akiwa bado amelala. Weka ngozi kwa ngozi kila upatapo nafasi.

Mkunga_Mstaafu: Pole na kidonda, mwanangu. Gozi achana nayo. Marekani waliijaribu kwa watoto wachache, matokeo yakatoka 2016: baadhi ya bakteria walihamia kweli. Lakini wale mama walipimwa kwanza, na watoto walipakwa mara tu walipozaliwa. Mwaka 2017 chama cha madaktari wa uzazi cha huko kikasema isifanyike nje ya utafiti, maana unaweza kumwambukiza mtoto malengelenge ya sehemu za siri (herpes) au kisonono.

Dawa yako ni titi. Maziwa ya mama yana sukari ambazo tumbo la mtoto haliwezi kuzisaga. Hizo ni chakula cha bifidobakteria, wale wazuri unaowatafuta. Unamnyonyesha mtoto, unawalisha na wao. Kikombe kile cha kopo kisikukoseshe usingizi, wala kisu chenyewe. Uingereza walichunguza vinyesi vya watoto karibu 600, wakachapisha 2019: tofauti ya bakteria kati ya wa kisu na wa kawaida ilikuwa kubwa siku za mwanzo, ikapungua sana kabla ya mwaka kwisha.

Mtindi hapana, hata maji hapana, mpaka miezi 6. Matone muulize kwanza daktari wa watoto. Na antibayotiki usimpe kila akipiga chafya, zinawafagia hata hao wazuri.

MamaNuru_Moshi: Asante mama. Shida akinyonya anapiga mateke kwenye kidonda.

Mkunga_Mstaafu: Mpakate ubavuni, miguu yake ipite chini ya kwapa lako, mto chini yake.

MamaNuru_Moshi: Nimejaribu saa nane usiku. Amenyonya la kushoto mpaka maziwa yakamtiririka shingoni. Mtindi nimemwambia mama mkwe nitaunywa mimi, amekubali. Ila choo cha leo ni chepesi, cha njano, kina punjepunje. Ni kawaida?

Mkunga_Mstaafu: Hicho ndicho choo cha titi, mwanangu. Endelea kumnyonyesha.