Mbawakawa wanamaliza mawaridi yangu, naomba ushauri kabla sijamwaga mboji yote

Mwenye uzi
Habari zenu wakuu. Nina mashina manane ya waridi. Hii wiki ya tatu majani yanaliwa kuanzia ukingoni, utadhani mtu kapita na mkasi butu. Mchana nawakuta mbawakawa wa kijani wanaong'aa wamejichimbia ndani ya maua, wakati mwingine watatu kwenye ua moja. Jumamosi nikapiga dawa saa sita mchana. Kesho yake nimeokota nyuki sita wamekufa, na mbawakawa wapo palepale. Jana nachota mboji, nakutana na mabuu weupe, wanene, wamejikunja kama ndoano. Nahisi ndiko wanakozaliwa, nataka kuimwaga yote. Nisaidieni, ila msiniambie ning'oe mawaridi.

Dundu
Ongeza dawa mara mbili. Mdudu haelewi lugha nyingine.

Shangazi wa Bustani
Huyo hapo juu msamehe bure. Dawa ukipuliza mchana juu ya maua yaliyofunguka, wa kwanza kufa ni nyuki, nawe umeshaona.

Mboji usiimwage kwanza. Chukua buu mmoja, muweke juu ya ubao mkavu, umtazame. Akijigeuza akatambaa kwa mgongo, miguu ikiwa juu, huyo ni mtoto wa hao wa kijani. Anakula vitu vilivyooza, anakusaidia kuivisha mboji. Mizizi hana habari nayo. Akijikokota kwa ubavu, amejikunja vilevile, basi huenda ni wa jamii inayokula mizizi, hao watoe.

Mwenye uzi
Shangazi, kwa mgongo?? Ngoja nikajaribu.

Tochi
Mkuu, mimi nina wasiwasi na hao wa kijani kusingiziwa. Wanapenda chavua na petali laini, sasa majani nani anakula? Toka saa mbili usiku na tochi. Wapo wengine wa kahawia wanaoshinda udongoni mchana na kupanda giza likiingia. Na taa ya nje izime, inawaita.

Mwenye uzi
Mrejesho. Mabuu watano, wote wametambaa kwa mgongo! Nimewarudisha kwenye mboji na kuwaomba radhi. Usiku nimetoka na tochi: wa kahawia, wadogo kuliko punje ya maharage, wamejaa kwenye majani. Nikigusa tawi wanajiangusha, siwaoni tena.

Shangazi wa Bustani
Huko kujiangusha ndiko kutakakowaponza. Kinga ndoo chini ya tawi, kisha litikise. Maji yawe na sabuni kidogo, maana kwenye maji matupu wanaelea na kupanda ukingoni; sabuni inawazamisha. Fanya kila usiku, usiruke. Mafuta ya mwarobaini puliza jioni, kwenye majani tu, na urudie mvua ikinyesha. Hayaui papo hapo, yanawakatisha hamu ya kula.

Kijani Kibichi
Mitego ya harufu je? Nimeona inasifiwa.

Tochi
Niliutundika mmoja katikati ya maua, nikawaalika na wa majirani. Unavuta wengi kuliko unaowakamata.

Shangazi wa Bustani
Kabla sijasahau: mkiona wembamba, warefu, weusi wenye mistari ya njano au myekundu, wanakula petali mchana kweupe, msiwashike kwa mkono mtupu. Wana majimaji yanayobabua ngozi hadi malengelenge. Vaeni glavu.

Mwenye uzi
Usiku wa nne leo. Wa kwanza nilitoa 63, leo 17. Majani ya zamani yamebaki na mapengo yake, ila machipukizi mapya matatu hayajaguswa. Mwanangu ndiye anashika tochi, na anataka buu mmoja wa mgongo awe wake. Dundu, ile dawa yako njoo uichukue.