Bonasi ya kadi ya mkopo ya biashara: nimepungukiwa dola 300 kufikia kiwango, niombe au niache?

Mama_Usafi

Habari za leo, ndugu zangu. Ninafanya kazi ya kusafisha ofisi nyakati za usiku hapa Columbus, jimbo la Ohio, kwa jina langu mwenyewe bila kusajili kampuni, na ninao wasaidizi wawili ninaowalipa kwa hundi kila baada ya wiki mbili. Wiki iliyopita nilipokea barua ya benki inayonialika kufungua kadi ya mkopo ya biashara isiyo na ada ya mwaka, na ahadi yao ni kwamba nikitumia dola 6,000 ndani ya miezi 3 ya mwanzo watanipa bonasi ya dola 750. Nilikaa na daftari langu la matumizi nikaona kwamba sabuni na vifaa, petroli, simu na maegesho hunigharimu kama dola 1,900 kwa mwezi, yaani dola 5,700 kwa miezi 3. Mishahara sikuihesabu kwa kuwa siwezi kuilipa kwa kadi.

Ninayo maswali matatu. Je, mtu asiye na kampuni iliyosajiliwa anaruhusiwa kuomba kadi ya biashara, au nitaonekana mdanganyifu? Je, ni busara ninunue sasa mashine ya kung'arisha sakafu ya dola 1,200, ambayo kwa kweli ningeweza kuisubiri hadi mwakani, ili nizibe pengo la dola 300? Na kwa kuwa mimi na mume wangu tunakusudia kuomba mkopo wa nyumba, je, kadi hii itaonekana kwenye rekodi yangu ya mikopo? Ofa inakwisha mwishoni mwa Julai.

Hesabu_Safi

Dada, karibu. Kazi yangu ni kutunza vitabu vya wafanyabiashara wadogo, na swali lako la kwanza ndilo ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote. Kwa sheria za Marekani, mtu anayefanya kazi ya kujitegemea ili apate faida tayari anayo biashara, hata kama hajasajili chochote zaidi ya vibali vinavyodaiwa na mji wake. Fomu ya benki itakuuliza aina ya biashara, nawe utachagua ile ya mmiliki mmoja, kisha pale panapotakiwa jina la biashara utaandika jina lako kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho. Namba yako ya Social Security, yaani ya hifadhi ya jamii, inatosha. Ukipenda kuwa na EIN, yaani namba ya utambulisho wa mwajiri, IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani, huitoa bila malipo kwenye tovuti yake, na yeyote anayekutoza fedha kwa ajili ya namba hiyo anakuuzia kitu cha bure. Kwa vile unao wasaidizi, kama wameajiriwa rasmi basi EIN unapaswa kuwa nayo tayari, kadi au hakuna kadi.

Mahali ambapo watu huteleza ni kwenye kisanduku cha mapato. Kuna kisanduku cha mapato ya biashara kwa mwaka, na hapo benki inataka fedha zote zilizoingia kabla ya kutoa gharama, si faida iliyobaki mfukoni. Kisha kuna kisanduku cha jumla ya mapato yako wewe binafsi, na hicho ni kitu kingine kabisa. Nimewahi kumwona mteja aliyeandika faida yake ya dola 14,000 kwenye kisanduku cha kwanza, ilhali biashara yake iliingiza zaidi ya dola 60,000, akakataliwa na kushangaa. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi, kwa sababu kuidanganya benki kwa makusudi kwenye maombi ya mkopo ni kosa la jinai la serikali kuu. Andika kile ambacho unaweza kukionyesha kwenye Schedule C, ile fomu ya mapato na gharama za biashara katika kodi yako, na hutakuwa na la kuogopa.

Kuhusu mkopo wa nyumba, benki itachungulia rekodi yako binafsi unapoomba, na uchunguzi huo hubaki humo kwa miaka 2 ingawa athari yake kwa alama za FICO, zile zinazopima unavyolipa madeni, kwa kawaida ni ndogo na hufifia mapema. Akaunti yenyewe ni suala la benki husika. Chase na American Express, kwa mfano, kwa kawaida haziripoti kadi za biashara kwenye rekodi binafsi maadamu unalipa vizuri, lakini zipo kadi za biashara, zikiwemo baadhi za Capital One, ambazo huripotiwa kama kadi nyingine yoyote. Usije ukadhani kwamba kutoripotiwa maana yake ni deni la mtu mwingine: karibu kila kadi ya aina hii ina dhamana binafsi, kwa hiyo biashara ikikwama wewe ndiwe utakayedaiwa. Na fomu ya mkopo wa nyumba itakutaka utaje madeni yako yote, yanayoonekana na yasiyoonekana. Kama mnaomba nyumba ndani ya miezi 6 hivi, mimi ningeiacha kadi hii ipite.

Dereva_wa_Lori

Mama, nami nieleze yaliyonikuta ili usirudie ujinga wangu. Nilichukua kadi iliyonitaka nitumie dola 5,000 kwa miezi 3. Ilifika kwa posta siku 11 baada ya kukubaliwa, nami nikaanza kuhesabu siku ile niliyofungua bahasha. Mwezi wa pili nilinunua matairi, na kufikia katikati ya mwezi wa tatu nilikuwa nimetumia dola 5,210, nikatulia kabisa nikijua kazi imekwisha. Baadaye nikagundua kwamba matairi mawili si saizi yangu, nikayarudisha dukani, na dola 640 zikarudi kwenye kadi. Sikujua kwamba benki huondoa marejesho kwenye hesabu, hivyo nilikuwa nimeshuka hadi dola 4,570. Nilipoligundua hilo nilidhani bado ninazo siku 9, nikajaza dizeli na kulipia matengenezo hadi nikavuka tena. Nikapiga simu. Dada wa huduma kwa wateja, kwa upole mkubwa, akaniambia kwamba miezi 3 ilianza siku maombi yangu yalipokubaliwa, na kwamba muda wangu ulikuwa umekwisha siku 2 kabla ya simu ile. Bonasi ikaenda hivyo.

Kwa hiyo siku utakayokubaliwa waandikie ujumbe kupitia akaunti yako ya mtandaoni, uwaulize tarehe ya mwisho ni ipi, na ulihifadhi jibu lao. Isitoshe, ujiwekee nafasi ya dola mia kadhaa juu ya kiwango, kwa sababu ada, riba na fedha taslimu zinazotolewa kwa kadi havihesabiwi kuwa matumizi.

Mzee_Kigoma

Mwanangu, mimi nitakuwa mpinzani humu, na naomba usinikasirikie. Barua ile haikutumwa kwako kwa huruma. Benki inatoa dola 750 kwa sababu inajua kwamba miongoni mwa watakaozipokea wamo wengi watakaobaki na deni. Chukulia kwamba wateja wako wawili wamechelewa kulipa ankara mwezi mmoja, jambo ambalo kwa kazi za ofisi si ajabu, nawe ukabaki na dola 6,000 kwenye kadi yenye riba ya asilimia 22 kwa mwaka. Riba ya mwezi mmoja ni kama dola 110. Deni hilo likikaa miezi 7 bila kupungua, bonasi yote imeliwa na bado unadaiwa mtaji wote.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Ile sheria ya mwaka 2009 inayoitwa CARD Act, ambayo huilazimu benki kumpa mteja taarifa ya siku 45 kabla ya kupandisha riba na kuizuia kwa sehemu kubwa isiguse deni la zamani, iliandikwa kwa ajili ya kadi za watu binafsi. Kadi za biashara haziko chini ya kinga hiyo, ingawa benki nyingine hufuata baadhi ya masharti hayo kwa hiari. Ukisaini kama mfanyabiashara, umetoka nje ya uzio.

Mashine usiinunue kwa sababu ya bonasi. Kutoa dola 1,200 sasa ili kuziba pengo la 300, kwa kitu usichokihitaji mwaka huu, ni kuipangia benki namna ya kutumia fedha zako.

Mama_Usafi

Mzee wangu, shikamoo, na siwezi kukukasirikia. Hesabu ya dola 110 nimeibandika ukutani. Wateja wangu wanne hulipa ndani ya siku 15, na mmoja tu ndiye huchelewa, naye ni mdogo. Deni lote la kadi nitalilipa kila mwezi kutoka akaunti ya biashara, na nisipoweza mwezi wa kwanza nitaacha kuitumia.

Dada Hesabu_Safi, nyumba tunaikusudia msimu wa kiangazi mwakani, yaani kama mwaka mzima kutoka sasa. Sasa nilipolirudia daftari jana usiku nimeona jambo. Bima ya biashara, dola 1,400, hukatwa yenyewe kutoka akaunti yangu ya benki kila tarehe 1 Septemba, na kwa kuwa sijawahi kuilipa kwa mkono wangu haimo kabisa kwenye ile 1,900 ya mwezi. Pia tarehe 15 Septemba nina kodi ya makadirio ya robo mwaka, yaani ile kodi ya mapato ninayoilipa mapema kwa awamu. Je, hivi viwili vinaweza kulipwa kwa kadi?

Hesabu_Safi

Hapo umelimaliza suala zima, dada. Matumizi yako ya kawaida dola 5,700 ukijumlisha bima dola 1,400 ni dola 7,100, na hiyo inakuachia nafasi ya dola 1,100 bila kununua kitu kipya hata kimoja. Piga simu kwa kampuni ya bima kabla ya kuomba kadi, uwaulize mambo mawili: kama wanapokea kadi ya mkopo kwa malipo ya mwaka mzima, na kama wanatoza ada ya ziada kwa malipo hayo. Wengine hawatozi, wengine hutoza asilimia 3, ambayo kwa bima yako ni dola 42. Hata hiyo bado inakulipa, lakini ni bora uijue mapema kuliko kuikuta kwenye risiti.

Kodi inawezekana pia, kupitia mawakala walioidhinishwa na IRS, na ada ndiyo tatizo. Kwa kadi ya kawaida ya mtu binafsi ada hiyo huwa chini kidogo ya asilimia 2, lakini kadi inayotambuliwa na mfumo wao kuwa ya biashara inaweza kutozwa karibu asilimia 2.9. Ukilipa dola 300 ili kuziba pengo dogo, umepoteza dola 9 hivi. Ukilipa dola 4,000 zote, umempa wakala dola 116 kwa sababu ya uvivu wa kuandika hundi. Mimi ningeiweka kodi kuwa akiba: ifikapo katikati ya Septemba tazama umefika wapi, na kama mteja amekuchelewesha au umerudisha kitu dukani kama kaka yetu na matairi yake, basi jazia kwa sehemu ya kodi.

Hukuuliza, lakini utauliza Aprili, wakati wa kuwasilisha kodi: bonasi inayopatikana baada ya kufanya matumizi kwa kawaida huchukuliwa kuwa punguzo la bei na si mapato, tofauti na bonasi ya kufungua akaunti ya akiba ambayo benki huiripoti kama riba. Kwa biashara punguzo hilo lina upande wa pili, kwa maana kwamba gharama unazodai kwenye Schedule C zinapaswa kupungua kwa kiasi hicho. Nami huwaandikia wateja wangu mstari mmoja tu kwenye kitabu. Matumizi ya nyumbani yasiingie kwenye kadi hii hata mara moja, hata mkate.

Pointi_na_Safari

Nyongeza fupi kuhusu mpangilio, kwa kuwa hamkuigusa. Kama benki hiyo ni Chase, hesabu kadi zote ulizofungua kwa miezi 24 iliyopita, hata zile za maduka zinazoonekana kwenye rekodi yako binafsi. Waombaji wanaijua kama kanuni ya 5/24: ukiwa na 5 au zaidi, kwa kawaida utakataliwa hata kama alama zako ni nzuri. Kadi za biashara za Chase zenyewe haziongezi hesabu hiyo, na ndiyo maana watu huanza na hizo. Kama ni American Express, masharti yao humnyima bonasi mtu aliyewahi kuwa na kadi ileile, kwa hiyo usiichukue wakati ofa iko chini. Nafasi unayo moja tu. Na mkichukua, msiifunge kabla ya mwaka kupita, kwani wanaweza kuidai bonasi irudi.

Mama_Usafi

Nimehesabu: kwa miezi 24 nimefungua kadi mbili tu, moja ya duka la samani. Kampuni ya bima nimeipigia leo asubuhi. Wanapokea kadi na hawatozi ada, ila wanataka niibadilishe njia ya malipo siku 10 kabla ya tarehe ya kukata, yaani isizidi tarehe 22 Agosti. Nitaomba kadi Jumatatu. Kaka Dereva, ujumbe wa kuuliza tarehe ya mwisho nimeshauandaa, unasubiri tu nikubaliwe.

Mzee_Kigoma

Marahaba, mwanangu. Na yule mteja wa tano anayechelewa, mpelekee ankara wiki moja mapema.