Naomba ushauri: soko la kwenye kompyuta, wanafunzi wengi
Habari zenu walimu wenzangu. Nafundisha Kiswahili kidato cha pili hapa Mbale: wanafunzi 56, kompyuta 14. Nimeweka Luanti, ile programu ya bure ya kujenga ulimwengu kwa matofali, kwenye kompyuta zote, na moja ndiyo inayobeba ulimwengu wenyewe. Nyingine zinaungana nayo kwa waya, bila intaneti. Tukajenga soko. Binti ambaye darasani hafungui mdomo alibishania bei ya matoke kwa Kiswahili mpaka kengele ikalia. Nilifurahi mno! Shida ni zamu. Nimejaribu makundi ya wanne wanne, lakini anayeshika kipanya ndiye anayezungumza, wenzake wanasinzia. Je, hao watatu niwape kazi gani inayohusiana na soko lile lile? Na umeme ukikatika katikati ya kipindi, nyinyi mnaendeleaje na somo?