Tupeane uzoefu: wazee wenu waliwasimulia nini kuhusu enzi za ubaguzi wa rangi?

Mtoto wa Bondeni, Nakuru: Wadau mambo. Mimi nimezaliwa baada ya uhuru, ila baba alikuwa reli na alitusimulia mpaka tukachoka. Mzungu fasti klasi, muhindi sekondi, mwafrika thadi kwa mabenchi ya mbao. Mitaa nayo hivo hivo, Milimani ya wazungu, sisi huku Bondeni. Siku hizi Milimani anakaa yeyote mwenye pesa. Haya, leteni zenu.

Nyar Kisumu: Dani yangu, yaani bibi, alikuwa yaya kwa wazungu. Amebeba mtoto wao mgongoni mpaka akajua kutembea lakini chai yake ni kwa kikombe cha bati, nje. Mtoto kuongea tu akaanza kumwita jina lake hivyo hivyo, mama mzima. Hilo jina lilimuuma kushinda kikombe.

Mluhya wa Kitale: Kuka, yaani babu, alitoka Kakamega akaandikwa shamba la mzungu huku kwetu. Kipande mnakijua, kile kitambulisho cha kazi? Kuanzia 1920 kila mwanaume mwafrika wa miaka 16 kwenda juu lazima awe nacho, wanakiweka kwa kibati kinaning'inia shingoni kama kengele ya mbuzi, na ukitoka kazi mzungu asisaini basi wewe ni mtoro, unashikwa. Sasa 1947 ikapitishwa sheria watu wa rangi zote waandikishwe na alama za vidole, weee, wazungu walipiga kelele! Eti hayo ni mambo ya wahalifu.

Muhindi wa Kisumu: Sisi tulikuwa katikati. Shamba zile za wazungu hata muhindi hakukubaliwa kununua. Lakini tusijidanganye, na sisi tulibagua, nyumbani kwetu mpishi alikuwa "boi" na ana wajukuu. 2017 serikali ikatutangaza kabila la 44, na bado naulizwa kwetu ni wapi. Kwetu ni Kisumu jamani.

Jamaa wa Njoro: Maendeleo yapo ila msizidishe. Kuna hoteli nilisimamishwa getini nikaulizwa naenda kuona nani, watalii nyuma yangu wakapita na kaptula zao wakasalimiwa. Na huyo soja ni mweusi kuniliko.

Mtoto wa Bondeni, Nakuru: Hiyo ya soja imenimaliza 😂 Wa Kitale, kile kibati cha kuka bado mnacho?

Mluhya wa Kitale: Alikitupa kwa choo 1963. Kukhu, yaani bibi, akamgombeza sana, alikuwa anakitaka cha kuwekea ugoro.