Chromium inameza madirisha yangu yote chini ya aikoni moja

kalamu_mbili

Wakuu, habari za kazi. Mimi ni mfasiri, na siku nzima nashinda kwenye tovuti tatu: barua pepe, kamusi na kalenda. Kila moja nimeiandikia faili lake la .desktop (linaloiambia Linux aikoni na amri ya kuifungulia) ndani ya ~/.local/share/applications, ifunguke na kivinjari cha Chromium kama programu ya peke yake. La kalenda lina mstari huu:

`Exec=chromium --app=https://kalenda.example.org/ --class=Kalenda`

Dirisha linafunguka safi, halina vichupo wala sehemu ya anwani. Ila kwenye upau wa programu aikoni niliyoichagua haionekani. Yote matatu yamerundikana chini ya Chromium, pamoja na kivinjari chenyewe. Jana nilitaka kufunga kalenda, nikafunga kila kitu, zikaenda aya mbili za tafsiri ambazo sikuwa nimezihifadhi. Zimeniuma sana. Natumia GNOME (eneo-kazi la Linux) kwenye X11, mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha. Kwa nini `--class`, yaani jina nililolipa dirisha, inapuuzwa?

fundi_madirisha

Pole sana mkuu. Inapuuzwa kwa sababu Chromium tayari iko hewani. Ukitoa amri ya pili kwa profaili ileile (folda ya mipangilio na akaunti zako), ile amri inakabidhi anwani kwa Chromium iliyotangulia kisha inajifia. Jina ulilolitaja linakufa nayo.

Upau hauijui tovuti, unajua jina la dirisha tu. Fungua terminali uandike `xprop WM_CLASS`, kishale kikigeuka msalaba bonyeza dirisha la kalenda. Tuwekee hapa kilichotoka.

kalamu_mbili

Kimetoka hiki:

`WM_CLASS(STRING) = "kalenda.example.org__", "Chromium"`

fundi_madirisha

Basi dawa unayo mkononi. Jina la pili ndilo linalokurundikia madirisha, lakini la kwanza ni la kalenda peke yake, na GNOME huanza na hilo inapotafuta mwenye dirisha. Ongeza kwenye faili:

`StartupWMClass=kalenda.example.org__`

Nakili herufi kwa herufi, hizo alama mbili za chini usiziache. `--class` ifute. Halafu funga dirisha ulifungue upya kwa kubonyeza aikoni yake.

nyuzi_tatu

Naongezea, ndugu. Mimi kila tovuti naipa profaili yake kwa `--user-data-dir`, na hapo `--class` inatii, maana hakuna Chromium nyingine ya kuipokonya amri. Utalazimika kuingia upya kwa nywila kila mahali na kumbukumbu ya mashine italiwa zaidi. Lakini mwenye akaunti mbili za barua pepe kwenye tovuti moja, kwangu hii ndiyo njia pekee yenye amani.

Asiyetaka kuandika mafaili, Linux Mint tangu toleo la 20.1, Januari 2021, ina kidude cha Web Apps kinachofanya yote haya, na Firefox pia inakubali.

fundi_madirisha

Kweli. Na siku ukihamia Wayland, mfumo mpya unaochukua nafasi ya X11, mkuu, jina hilo litabadilika, na xprop haitaliona dirisha la Wayland. Bonyeza Alt+F2, andika `lg` (chombo cha ukaguzi cha GNOME), angalia orodha ya madirisha. Chromium hapo hujiita mfano wa `chrome-kalenda.example.org__-Default`. Ukisahau hili utarudi hapa na swali lilelile.

kalamu_mbili

Imekubali! Kalenda ina aikoni yake, kamusi yake. Barua pepe iligoma kwanza, kumbe anwani niliyoiandikia ina njia baada ya jina la tovuti, kwa hiyo jina lake ni refu kuliko nilivyokisia. Nimelisoma kwa xprop badala ya kubuni, likashika. Alt+Tab sasa inanipeleka kwenye kamusi moja kwa moja. nyuzi_tatu, akaunti ya pili ya barua pepe ninayo kweli, kesho naijaribu kwa profaili yake.